Sasisho la Marehemu Latifu

Kila siku, muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi, Zulaikha aliweka beseni la plastiki chini ya kiti cha kompyuta, kwa sababu mumewe alikuwa akirudi amelowa. Lilikuwa beseni la kufulia nguo za mtoto. Maji yaliyokusanyika aliyamwaga asubuhi kwenye mboga zake za lengalenga nyuma ya nyumba, nazo zilinawiri kuliko za majirani wote. Akishaweka beseni alibonyeza kitufe cha kompyuta, akahakikisha taa ya modemu inawaka, akarudi kwenye cherehani kumalizia pindo la gauni la mteja. Alipoinua macho, Latifu alikuwa ameshaketi, shati limemganda mgongoni, maji ya ziwa yakimdondoka kwenye viwiko.

"Isimbi amekula?" aliuliza.

"Amekula. Anaoga."

"Kichwa yangu inauma."

"Najua, Papa Isimbi. Vumilia kidogo."

Latifu alikufa mvua ndefu zilipoanza. Wavuvi walimkuta bandarini, chini ya mji wa Kamembe, amelala kifudifudi majini katikati ya mitumbwi miwili. Habari zililetwa na kaka yake mkubwa, Hamdani, muuza simenti na nondo, ambaye alilia mlangoni hadi majirani wakamshika mabega. Alisema walikuwa wakipokea mzigo kutoka ng'ambo, ubao ukateleza, giza lilikuwa limeshaingia. Watu walisema ajali haina kinga. Wakamwosha, wakamkafini, wakamswalia, na kabla ya adhuhuri alikuwa ardhini.

Enzi za uhai wake Latifu alipiga chapa barua za watu na kuwapiga picha za vibali vya kuvukia mpaka kwenda Bukavu, kazi yote akiifanya pale sebuleni. Siku ambazo kaka yake alikuwa na mzigo alimsaidia bandarini, lakini maisha yake hasa yalikuwa ndani ya ile mashine. Kwa hiyo baada ya arobaini, Zulaikha alipoiwasha ili atafute picha moja, na Latifu akatokea kwenye kiti, hakuona kwamba mtu huyo amepotea njia. Alimpa taulo.

Majirani walikuja kumpa pole ya safari. Kilichowasumbua ni eda. Zulaikha alikuwa bado amekaa eda, hatoki nje bila dharura, na wanawake wa mtaa walibishana kama mjane aliyerudiwa na mumewe anaendelea kuwa mjane. Shehe aliulizwa. Alifikiri, kisha akasema kwamba aliyezikwa amezikwa, kwa hiyo mama aendelee na eda yake, ila si vibaya kumpa mwenzake chai.

Latifu hakuweza kunywa chai. Alikohoa maji mfululizo jioni ile ya kwanza, na alipopata nafuu aliinamisha kichwa, akapanua nywele kwa vidole, akamwonyesha mkewe tundu kwenye kisogo. Lilikuwa tundu refu, lenye kingo zilizonyooka, kama alama ya kitu cha chuma.

"Hamdani njo alinipiga," alisema. "Na kipande ya nondo. Alitaka shamba yenye papa alituachia kule Giheke ibaki yake peke yake. Nilimwambia, kaka, hata mi niko na mtoto. Nikageuka nishike mzigo. Njo akanipiga."

Zulaikha alikumbuka kwamba kila Ijumaa tangu msiba Hamdani alikuwa akileta mchele na sukari, akimpakata Isimbi na kumwita mwanangu. Ule mchele wote walikuwa wameshaupika na kuula. Alichukua taulo, akampangusa mumewe kichwa.

Asubuhi yake alituma watu kwa Mzee Nsabimana, mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa wao, mtu mpole mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kumgombeza mtu yeyote pale mtaani. Mzee Nsabimana alikuja, akasubiri jioni, akasalimiana na Latifu, akalitazama lile tundu kwa tochi ya simu. Akasema jambo hili ni zito, haliwezi kuamuliwa na mtu mmoja, litaitiwa kikao, na Hamdani lazima awepo maana msema pweke hakosi. Hamdani alipopelekewa ujumbe alijibu kwa adabu sana. Alisema angefurahi kuja, ila wiki ile alikuwa na safari ya Bukavu.

Wiki ile ile kompyuta ilijisasisha.

Zulaikha hakujua neno hilo. Aliona tu kioo kimegeuka bluu, vidoti vyeupe vinazunguka, na maandishi yanayoomba asizime. Hakuzima. Jioni Latifu alikuja bila kikohozi. Kifua kilikuwa kimefunguka, anapumua kama mtu aliyelala vizuri, na Isimbi alimpandia magotini akacheka. Zulaikha alishukuru Mungu. Lakini alipomwuliza, kwa ajili ya kikao, ni mtumbwi wa nani uliokuwa karibu siku ile, Latifu alikunja uso.

"Mtumbwi gani?"

"Uliniambia jana. Ulisema kulikuwa batu wawili ndani, balisikia."

"Sikumbuke mtumbwi," alisema Latifu.

Ndipo Zulaikha alipomwita Joselyne, jirani wa nyumba ya pili, aliyezaliwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na kurudi na wazazi wake, na ambaye sasa alifundisha kompyuta kwenye chuo kidogo cha ufundi hapo mjini. Joselyne alivua viatu, akamwamkia Latifu, akamwomba asogeze mkono kidogo ili akishike kipanya cha mashine. Alisoma kwa muda.

"Ilifanya mise à jour, Maman Isimbi. Kujisasisha. Bale benye balitengeneza hii machine, bakiona kuko na tundu mahali, banatuma dawa ya kuziba. Kila kitu kilichopitia kwa ile tundu nacho kinafungwa."

"Na ile yenye iko kichwani?"

Joselyne alimtazama Latifu, naye Latifu akainama kwa heshima ili aonwe. "Hiyo nayo ni tundu," alisema Joselyne. "Iko kubwa. Itafikiwa tu."

"Zima, Joselyne. Nakuomba. Zima hizo dawa zao zote."

Joselyne alizima. Alimwonyesha Zulaikha mahali penyewe, jinsi ya kufika, kitufe cha kusukuma, na akamwambia ukweli kwamba mashine za siku hizi hazikubali dawa hizo zizimwe moja kwa moja. Unazisimamisha tu. Muda ukiisha mashine inaziwasha yenyewe na kuchukua kilichokuwa kinaingoja.

"Basi tukate mtandao," alisema Zulaikha.

Walikata. Jioni ile beseni lilikaa kavu. Isimbi alivuta kigoda akakaa akitazama kiti kitupu, hakula, na usingizi ulimchukua hapo hapo kichwa kikiwa kwenye mguu wa meza. Kesho yake Zulaikha aliichomeka tena modemu. Latifu alirudi na kuuliza kwa nini mlango ulikuwa umefungwa.

Kuanzia hapo maisha ya Zulaikha yalikuwa kati ya mawili hayo. Akikata mtandao, mume haji. Akiuacha, mume anakuja, na dawa ya kumsahaulisha inakuja njia hiyo hiyo. Aliacha kupokea nguo za wateja. Mchana kutwa alikaa mbele ya kioo akifungua mahali alipofundishwa, akikagua kama kitufe kimebaki alipokiacha. Mara nyingi alikikuta kimerudi upande wa kuwaka, bila mkono wa mtu. Alikizima. Alikwenda kutia maji kwenye maharage, akarudi, akakikuta kimewaka. Joselyne aliidanganya mashine kwamba mtandao wa pale nyumbani ni wa kuazima na hautoshi, nayo ikasadiki kwa muda, kisha ikagundua. Zulaikha alikonda. Akiswali alisahau yuko rakaa ya ngapi.

Hamdani alirudi kutoka Bukavu, akaenda Bugarama. Alirudi kutoka Bugarama, akapata homa. Kila alipoahirisha alituma salamu na mfuko wa kitu fulani, na Zulaikha aliirudisha mifuko hiyo bila kuifungua. Wanawake wa mtaa walianza kusema mjane huyu ana kiburi.

Sasisho la pili liliingia siku umeme ulipokatika na kurudi. Mashine iliwaka yenyewe ikiwa na vidoti vyake, na Zulaikha alipofika mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, ilikuwa imeshamaliza. Latifu wa jioni ile alikuwa na nguo kavu kuanzia kiunoni kwenda chini. Alikumbuka amepigwa. Alikumbuka nani. Shamba la Giheke hakulikumbuka kabisa, na alipotajiwa mibuni aliyoipanda baba yake alitikisa kichwa kama anayesikia habari za watu wa mbali.

"Papa alikuwa na shamba?" aliuliza.

Zulaikha alijifunika uso kwa kanga. Alielewa kwamba lililobaki ni lile tundu lenyewe, na kwamba dawa ijayo ni yake. Alimtuma Joselyne kwa Mzee Nsabimana na maneno haya: kama kikao hakikai wiki hii, yeye mwenyewe atavunja eda, atasimama sokoni Kamembe na kulitaja jina kwa sauti. Mzee Nsabimana aliogopa kelele kuliko kitu chochote. Kikao kikaitwa.

Walikuja jioni, ili mhusika awepo. Mzee Nsabimana alikaa karibu na dirisha. Mzee Ramazani, aliyeongoza kumwosha marehemu, alikaa kwenye mkeka. Hamdani aliingia mwisho, amevaa kanzu safi, akamwendea ndugu yake moja kwa moja akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Latifu, mdogo wangu. Pole."

"Asante, kaka," alisema Latifu. "Njo wewe ulinipiga."

Matone yalisikika yakianguka kwenye beseni. Mzee Nsabimana aliomba Latifu aeleze tangu mwanzo. Latifu alieleza. Mwanzo hakuwa nao, kwa hiyo alieleza kati na mwisho: walikuwa bandarini, walikuwa wakibishana kuhusu jambo asilolikumbuka, aligeuka, chuma kikamwingia kisogoni, na alipokuwa akianguka aliona viatu vya kaka yake. Alieleza polepole na bila hasira. Kisha akainama, akapanua nywele, na kila mmoja pale ndani alilitazama lile tundu kwa zamu.

"Mzee Ramazani," alisema Zulaikha kutoka nyuma ya pazia, "wewe ulimwosha. Uliona?"

Mzee Ramazani alichezea tasbihi. "Niliona, binti yangu. Lakini muosha maiti hasemi alichokiona. Tulifundishwa kumsitiri marehemu aibu yake."

"Ile haikuwa aibu ya marehemu, Mzee. Ilikuwa ya aliye hai."

Mzee Ramazani alihesabu tasbihi mpaka mwisho na kuanza tena.

"Hamdani, una nini ya kusema?" aliuliza Mzee Nsabimana.

Hamdani alipangusa macho. Machozi yalikuwa ya kweli, kila mtu aliyaona. "Ndugu yangu alikunywa maji mingi. Iliingia mpaka ku akili. Mi nitamujibu nini? Hata akisema nilimupiga, mi namupenda." Akageukia ile kompyuta. "Lakini niko na swali. Banasema hii machine ikisasishwa, muntu anapona. Kifua ilipona. Nguo iko inakauka. Kwa nini munamuacha na kidonda? Kwa nini munamutesa?"

Wazee walitazamana. Swali hilo lilikuwa na huruma ndani yake, na huruma ni kitu ambacho kikao hukipokea kwa urahisi. Mzee Nsabimana alikohoa, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba wamesikia yote, na kwamba hakuna anayesema Latifu ni mwongo. Ila muntu mwenye alikufa hana kitambulisho. Akimpeleka Latifu mbele ya mahakama kama shahidi, atasema huyo ni nani? Na kama mwili ulizikwa bila malalamiko, malalamiko yanaanzia wapi? Jambo la Hamdani waliachie Mungu, ambaye hasahau. Jambo la kidonda, hilo liko mikononi mwao. Kikao kikaamua kwamba mashine iachwe ijisasishe. Mzee Ramazani akaomba dua. Hamdani aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Zulaikha hakutii. Walipoondoka alifungua mahali pale, akakuta kitufe kimewaka, akakizima. Kesho yake alikizima tena. Hakujua tena anakilinda kitu gani, kwa kuwa wote waliopaswa kusikia walikuwa wamesikia. Alikizima hata hivyo.

Lakini Joselyne alikuwa amemwonya kwamba mashine isiyosasishwa huanza kuoza, na sasa ilianza. Kingo za lile tundu ziligeuka rangi. Nzi waliingia sebuleni. Latifu hakuweza tena kuketi wima. Aliweka paji la uso mezani mbele ya kioo, akapumua kwa kuguna, na Zulaikha alipompangusa alitetemeka mwili mzima. Isimbi alianza kula jikoni. Jioni moja mama yake alimwita aje amsalimie baba, naye akasimama mlangoni ameziba pua, akilia kwa aibu ya kuziba pua.

"Zulaikha," alisema Latifu bila kuinua kichwa. "Niache nipone."

"Ukipona utasahau."

"Nilisema yangu. Balisikia bote."

"Balisikia na hawakufanya kitu. Ukisahau, itakuwa haikutokea. Atakuja hapa, utamupa mkono."

"Inauma sana, mke wangu." Alishika ukingo wa meza mpaka maumivu yakapungua. "We utakumbuka. Muntu mumoja anatosha."

"Hatoshi," alisema Zulaikha. "Latifu, hatoshi. Mi nitamwambia nani?"

Latifu alikuwa akilia, na machozi yake, tofauti na maji mengine yote yaliyomtoka tangu arudi, yalikuwa ya moto. Zulaikha aliyahisi kwenye mkono wake. Alikaa hivyo akimshika, akiwaza kama kuko mlango mwingine wa kugonga ambao hajaugonga, akipita nyumba kwa nyumba kichwani mwake, kutoka mtaani kwao hadi mjini, hadi ofisi zote alizowahi kuzisikia, na kila alikofika aliwaona watu wapole wakimsikiliza hadi mwisho. Kisha alikifikia kile kipanya cha mashine kwa mkono wake wa kulia. Hakuhitaji kuonyeshwa njia. Alisukuma kitufe upande wa kuwaka, na mashine ilipomwuliza kama ana hakika, alisema ndiyo.

Vidoti vilizunguka. Latifu alififia pole pole kutoka kwenye kiti, guno lake likabaki kidogo hewani, nalo likaisha.

Jioni iliyofuata alikuja mkavu. Shati lilikuwa limepigwa pasi, nywele zimechanwa, na kisogo chake, Zulaikha alipokipapasa, kilikuwa laini kama cha mtoto. Alikunywa chai, akaomba kikombe cha pili, na kulipokucha alikuwa bado yupo. Isimbi alimkimbilia akamning'inia shingoni, na Latifu akamrusha juu na kumdaka, na kicheko chao kikasikika hadi kwa majirani, ambao walisema alhamdulilahi, hatimaye nyumba ile imepata amani.

Hamdani alikuja Ijumaa, na mchele. Latifu aliinuka kumpokea.

"Kaka! Umekonda, Hamdani. Kazi ni mingi?"

"Ni mingi, mdogo wangu."

Walikumbatiana kwa muda mrefu. Hamdani alieleza kwamba alikuwa ameng'oa mibuni fulani kule Giheke na kuanza kujenga, na Latifu akamwombea Mungu amzidishie. Kisha Latifu akaita, "Maman Isimbi, leta chai ya kaka." Zulaikha alileta. Hamdani aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa, na macho yao yalipokutana juu ya kikombe hakuyakwepesha.

Hamdani aliaga baada ya ishaa. Latifu alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi akinyoosha mikono, akakaa kitandani kando ya mkewe kama mtu mwenye kesho.

"Kesho uniamshe mapema," alisema. "Kaka anasema kuko mzigo bandarini. Anataka nimusaidie."

Zulaikha alimtazama mumewe, shavu lake, sikio lake, kisogo chake kisicho na alama.

"Nitakuamsha," alisema.